Kizuri Chajiuza? Njoo Kigoma Uone

Methali zetu zimemkaba koo mtu anayesifia chake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Debe tupu haliachi kuvuma. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mpangie mtoto hizo tatu, mwongezee na ile "acha majivuno" ya kila siku nyumbani, umemaliza kazi: akikua atauza mali yake huku anatazama chini. Upande wa pili tumebaki na moja tu, biashara matangazo, nayo imeandikwa kwa rangi ubavuni mwa kibanda cha chipsi. Sijawahi kuona mzee akimkalisha mjukuu wake kumfundisha hiyo.

Nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma mjini. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti, nalaminisha vyeti, na miaka ya karibuni nachapa pia lebo za watu wanaofungasha bidhaa zao. Watu wananijia kunieleza wao ni nani, au wanauza nini, ili niwaandikie. Kwa kuwa nalipwa kwa ukurasa, nina sababu zangu za kutaka waseme mengi. Wanasema machache. Nimefika mahali pa kuamini kwamba kizuri chajiuza ni methali ya mtu ambaye hajawahi kusafirisha hata gunia moja la dagaa.

Kiingereza kina neno undersell, na vijana wanaokuja kuchapa barua za kazi wameshakutana nalo kwenye simu zao: wameonywa wasijifanyie hivyo. Neno lenyewe limebeba mizigo miwili. Mmoja ni wa sokoni: kuuza kwa bei ya chini kuliko jirani yako ili wateja wahamie kwako. Hapo hapajasemwa kwamba umepata hasara; unaweza kumzidi mwenzako kwa kushusha bei na bado ukarudi nyumbani na faida. Mwingine ni wa mdomoni: kueleza kitu, au kujieleza mwenyewe, chini ya kile kilichopo. Huo ndio unaomkosesha kijana kazi. Sisi huku tunayatenganisha hayo mawili. Sokoni tunasema kuvunja bei, au kuharibu bei kama wewe ndiye uliyeumizwa. Mdomoni ni kujishusha, na kwetu kujishusha ni sifa. Mtu husifiwa nayo hata msibani, kwamba marehemu alikuwa mtu wa kujishusha sana. Kwa hiyo ugonjwa wa kwanza tunaulalamikia kila siku, na wa pili tunaulea.

Nianze na huo wa bei, maana watu wa mbali wakizungumzia wauza dagaa wetu huwa wanawalaumu bure.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku, tena kwenye giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti, kwa hiyo wavuvi hupumzika. Zamani ilikuwa karabai, sasa ni taa za sola na betri. Alfajiri vyombo vinarudi Kibirizi na Katonga, bei zinapigwa palepale ufukweni, na jua likianza kuwa kali akina mama wameshaanika. Kuanzia hapo biashara yote iko mikononi mwa hilo jua. Dagaa akilipata vizuri anakauka upesi, anabaki na ule weupe wake wa kung'aa, mkavu wa kuvunjika ukimkunja. Akinyeshewa anageuka rangi, anatoa harufu, na kesho yake anayemtaka ni mfugaji wa kuku. Sasa simama pale Katonga mwezi wa kumi na mbili, saa saba mchana. Wingu limefunga, turubai halitoshi, na tajiri aliyekukopesha hela ya kununulia mzigo amekaa juu ya bodaboda anasubiri. Anataja bei. Unakubali. Jirani yako anasikia bei uliyokubali, naye anakubali hiyohiyo au chini yake kidogo, na kabla tone la kwanza halijadondoka ufukwe mzima umeshuka.

Huyo mama hajajidharau. Thamani ya dagaa wake anaijua kuliko yeyote aliyesimama pale. Amekosa paa, amekosa mtaji, amekosa siku mbili za kusubiri. Kumwambia ajiamini ni kumtania.

Mwaka 2024 tulishuhudia kinyume chake. Ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Miezi mitatu bila uvuvi, samaki wazaliane. Waliokuwa na stoo yenye magunia yaliyokauka vizuri hawakuhitaji kumbembeleza mtu. Dagaa walikuwa walewale na wauzaji walewale, ila safari hii mwenye haraka alikuwa mnunuzi.

Halafu yupo anayevunja bei kwa makusudi. Namfahamu mzee mmoja wa Ujiji, muuza migebuka ya kukausha, ambaye akifungua meza mahali papya huanza na bei ya kuwatia wenzake wazimu. Siku za mwanzo anatukanwa hadharani. Akishapata watu wake anapandisha taratibu, mia mbili leo, mia tano mwezi ujao, na wateja hawahami kwa sababu wameshazoea mkono wake. Nilimuuliza kama haogopi kuua soko. "Mwanangu, mimi nashusha bei, samaki simshushi," akaniambia. "Mtu akiondoka hapa anajua amekula mgebuka wa daraja la kwanza kwa bei ya shida. Hawa wenzangu wanashusha vyote viwili. Wanakwambia chukua tu mama, samaki wenyewe ndio hawahawa. Sasa ukishamwambia hivyo, kesho utampandishia nini?"

Nimeyafikiria sana maneno ya yule mzee. Bei ikishuka ina njia ya kurudi juu: msimu, mwezi kupevuka, ziwa kufungwa, ujanja wa muuzaji. Ukishamwambia mteja kwamba samaki wenyewe ndio hawahawa, umemfundisha namna ya kuwatazama, na atawatazama hivyo hata siku utakapokuwa na mzigo bora kuliko wote sokoni.

(Wapo pia wasiogusa bei kabisa. Hao bei ya kopo iko palepale, kinachopanda ni kilele. Ukiona sado ya dagaa imefanya mlima mpaka muuzaji anaushika kwa kiganja usimwagike, ujue hapo bei imeshavunjwa, ila kwa heshima.)

Sasa huo wa mdomo. Kabla sijaushambulia nikiri kwamba una uzuri wake. Ukialikwa chakula Kigoma, hasa kwa Waha wa zamani wanaosalimia kwa kuinama na kupiga makofi taratibu, mwenye nyumba atakwambia, "Karibu, hakuna kitu, ni ugali tu." Unakaa, inaletwa sinia: samaki aina ya kuhe, mzima, ameungwa kwa mawese, ugali wa muhogo, maharage, mboga ya majani, na ndizi pembeni. Hakuna aliyedanganywa. Mwenyeji amesema hakuna kitu, mgeni ameelewa kwamba kipo, na mgeni naye akiulizwa kama ameshiba atasema ameshiba hata kabla hajashiba, ili aongezewe. Ni mchezo unaochezwa na watu wawili, na wote wanazijua kanuni.

Balaa huja pale mmoja anapokuwa hazijui. Msidhani ni letu peke yetu. Waingereza, wenyewe wa kisiwani, wanasifika kwa kusema "si mbaya" wakimaanisha ni nzuri sana, na wana simulizi yao maarufu ya vita vya Korea. Aprili 1951, kwenye Mto Imjin, vikosi vya Uingereza vilikuwa vimezidiwa vibaya na wanajeshi wa China. Inasimuliwa kwamba Brigedia Tom Brodie alipoulizwa hali ikoje na Jenerali Robert Soule wa Marekani, alijibu kwa Kiingereza cha kwao kwamba mambo yamekaza kidogo. Mwingereza mwenzake angeelewa kwamba hapo watu wanakufa. Mmarekani alisikia neno "kidogo" na akaona basi wanaweza kustahimili. Kikosi cha Gloucestershire kikabaki juu ya kilima kimezingirwa, na wengi wao waliishia mateka. Walizungumza lugha moja, tena wote askari, na bado neno moja la kujishusha likaanguka katikati yao.

Hiyo "kidogo" naifahamu vizuri. Imekaa kwenye meza yangu.

Kuna kijana alinijia na tangazo la kazi ya karani wa ghala pamoja na maelezo yake aliyoyaandika kwa mkono. Jina, kidato cha nne, namba ya simu, kisha kwenye uzoefu ameandika: "Sina." Nikamuuliza, tangu umalize shule unafanya nini? "Nipo tu ziwani, kaka." Nikamwambia avute kiti. Kumbe huko ziwani alikokuwa "yupo tu" ndiye anayeshika daftari la kipe, yaani chombo cha uvuvi, cha tajiri mmoja. Kila usiku anaandika petroli iliyochukuliwa, walioingia kazini, debe zilizopatikana na bei iliyouzwa asubuhi. Anatoa mafuta na chakula, anagawa fungu la mwenye chombo na fungu la wavuvi, anamkata aliyekopa. Na mwezi unapokuwa mpevu, watu wakiwa nchi kavu, wanakaa chini ya mti wanafunga hesabu zote, kila mtu anaangalia mstari wake.

"Hesabu imewahi kugoma?"

"Ikigoma si watanipiga, kaka?"

Nikamwandikia: ametunza kumbukumbu za mapato, matumizi na mgawanyo wa malipo ya wavuvi kwa kila safari, na kufunga hesabu mbele ya wahusika kila mwezi. Akasoma, akacheka, akaziba mdomo. "Mbona inaonekana kama nimesoma sana?" Nikampa kalamu, nikamwambia akate neno lolote la uongo. Akaishika ile kalamu akaizungusha, akairudisha mezani.

Akaitwa kwenye usaili. Nilifurahi mapema mno. Walimuuliza kama anajua kompyuta, naye akajibu, "Kidogo kidogo." Huyu kijana anachapa bila kutazama kibodi. Jedwali la mauzo ninalolitumia dukani mpaka leo, lile linalojijumlisha lenyewe, alinitengenezea yeye akisubiri umeme urudi aje kuchapa cheti chake. Kidogo kidogo! Kazi wakampa mwingine. Nilipomuuliza kwa nini alijibu vile, alinitazama kama mtu anayeonewa. "Sasa ningesemaje? Niseme mimi mtaalamu? Mle ndani kulikuwa na watu wana diploma."

Nadhani hapo ndipo penye fundo. Alikuwa na majibu mawili tu mfukoni, "kidogo kidogo" na "mimi mtaalamu", na kwa malezi yake la pili lilikuwa haramu. Hakuna aliyemfundisha kwamba katikati pana nafasi pana sana ya kusema unachokifanya bila kukipima: natengeneza jedwali la hesabu, naandika barua, nachapa, natuma. Kauli hizo hazina majivuno hata chembe, na mzee yeyote wa Kiha angezisikia asikunje uso. Anayepima ni yule anayekusikiliza, mwachie kazi yake.

Siku hizi siwaulizi watu wanajua nini. Ukimuuliza mtu wa huku anajua nini, atakujibu kwa adabu, yaani hatakujibu. Nauliza: jana uliamka ukafanya nini, kuanzia asubuhi? Hapo maneno yanamwagika. Mama anayesema yeye ni wa nyumbani tu utamkuta anaendesha vikoba vya wanawake wenzake, anakopesha, anafuatilia marejesho, na hajawahi kupotezewa hela. Na neno "kidogo" nimelipiga marufuku kwenye barua zinazotoka dukani kwangu, labda mtu awe anaomba mkopo.

Yakiwa ya mtu mmoja mmoja hayo tunaweza kucheka. Mkoa mzima ukijishusha, nenda ukaangalie mawese.

Ukitoka mjini kushika barabara ya Kasulu, pale Mwandiga utayaona yamepangwa mezani. Mekundu, mazuri, ndani ya chupa za maji zilizotumika, nyingine bado zina karatasi ya kampuni ya maji. Hakuna jina la aliyekamua, hakuna kijiji, hakuna tarehe. Mgeni wa Dar akija nyumbani, mawese yanasogezwa nyuma ya pipa na mtoto anatumwa dukani akanunue mafuta "ya kupikia", kana kwamba yale mengine ni ya kupaka milango. Basi geuza dumu la dukani usome maandishi madogo. Sehemu kubwa ya mafuta ya kula tunayoagiza kutoka nje ni mawese vilevile, kutoka Malaysia na Indonesia, yaliyosafishwa, yakatolewa rangi na harufu. Wekundu waliouondoa ndio wenye karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kwa hiyo mama wa Mwandiga anayaficha mawese yenye rangi yake na kumkirimu mgeni kwa mawese yaliyochujuka, yaliyovuka bahari, tena kwa bei kubwa zaidi. Mgeni anakula, anasifu, anaondoka.

Ukilitaja hili kijiweni utajibiwa haraka kwamba hata hao Wamalaysia mbegu walizitoa Kigoma. Hadithi hii inapendwa sana, na sijui mkutano wa hadhara wa zao la michikichi uliokwisha bila kuitaja. Kumbukumbu zinasema vingine: mchikichi asili yake ni Afrika Magharibi, na mashamba ya mwanzo ya Asia ya Kusini-Mashariki yalitokana na miche minne iliyopandwa kwenye bustani ya Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848. Naielewa lakini hamu ya kuisimulia. Kusema "tuliibiwa" ni njia ya kujisifu bila kuonekana unajisifu. Tunaona haya kusema mawese yetu ni mazuri, ila hatuoni haya kusema yalikuwa mazuri mpaka watu wakayaiba.

Serikali nayo imeingia kwenye zao hili. Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alianzisha hapa kampeni ya kulifufua, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kikabeba kazi ya mbegu bora za aina ya Tenera, ambayo tunda lake lina kokwa la gamba jembamba na nyama nyingi kuliko ile Dura ya wazee wetu. Vizuri. Mafuta yataongezeka. Ila mafuta yakiongezeka na chupa ikabaki ya maji, tutakuwa na mengi zaidi ya kuficha nyuma ya pipa.

Wapo waliokimbilia ukingo wa pili, nao wananijia pia. Wanataka lebo inayosema mawese yao yanatibu presha, kisukari, vidonda vya tumbo na mambo ya chumbani. Hao nawarudisha. Mawese hayana kolestero, kweli, kama yalivyo mafuta mengine ya mimea, lakini karibu nusu yake ni mafuta ya ile aina inayoganda, ambayo wataalamu wa moyo hutushauri tusiyazidishe. Sema ni mekundu, sema yamekamuliwa lini na wapi, sema yanaupa mchuzi wa migebuka ladha ambayo dumu la dukani haliwezi. Inatosha. Na watu hawa wa dawa ya kila kitu ndio wanaowaharibia wenzao, kwa sababu mtu mstaarabu akishawasikia anaona bora anyamaze kabisa kuliko kufananishwa nao.

Dada mmoja wa Katonga alikuwa wa hao wanaonyamaza. Alileta pakiti tupu za plastiki na oda ya lebo. "Andika dagaa," akasema.

"Dagaa tu?"

"Dagaa wa Kigoma. Watu wanawajua."

Wanawajua, ndiyo, tena wanawajua kupita kiasi. Jina hilo limekuwa kubwa mpaka kila mwenye samaki wadogo mkoa wowote analitamani. Nimeshaona mijini meza yenye bango la dagaa wa Kigoma, na ndani ya ungo nusu yake ni wale wa Ziwa Victoria, ambao ni samaki wa ukoo mwingine kabisa na bei yao ni ya chini. Na kuna kichekesho cha Kariba. Mmoja wa dagaa wetu wa aina mbili, ambaye wanasayansi humwita Limnothrissa miodon, alipelekwa bwawa la Kariba mwishoni mwa miaka ya 1960. Akazaliana. Huko Zambia na Zimbabwe anaitwa kapenta, na utamkuta dukani ndani ya pakiti iliyochapwa jina, uzito na mahali alikotoka. Aliyehama ana lebo, aliyebaki nyumbani anapimwa kwa kopo.

Nikamuuliza yule dada swali langu la "jana uliamka ukafanya nini". Akaanza kunieleza huku anahesabu zile pakiti, kama mtu anayesimulia safari ya sokoni. Anawaosha kwanza kwa maji ya ziwa. Anaanika juu ya kichanja cha waya, anawageuza jua likiwa utosini, jioni anawapepeta, anachambua waliovunjika vichwa na kuwauza kivyao.

"Na mchanga?"

"Mchanga utoke wapi, kaka, na chini hawajagusa?"

Nikamwambia lebo imepatikana. Hakunielewa. "Si kila mtu anajua hilo?" Kila mtu wa Katonga, labda. Mama wa Dodoma hajui. Mama wa Dodoma analoweka dagaa, anawasuuza mara tatu, na bado jioni mume anatema ukokoto. Tukaandika: Dagaa wa Ziwa Tanganyika, wameanikwa juu ya vichanja, hawajagusa mchanga. Chini yake Katonga, Kigoma, uzito, tarehe na simu. Nikamwelekeza SIDO, shirika la viwanda vidogo, akachukue barua ya utambulisho, maana mjasiriamali mdogo akipitia huko, serikali humsaidia gharama za alama ya TBS, shirika la viwango, miaka ya mwanzo. Msimbomilia, ile mistari myeusi inayosomwa na mashine, tukauacha kwanza. Akifika dukani kwenye mashine za kupitishia bidhaa atauhitaji, na hapo namba itaanza na 620 ya Tanzania. Sitaki kuona dagaa wa Katonga wanafungashwa na mtu wa nchi ya jirani na kubeba namba ya kwao.

Bei akaweka juu ya jirani zake. Pakiti za mwanzo zilimdodea, nami nikaanza kumkwepa njiani. Kisha mtu wa Tabora akachukua kadhaa, akaagiza nyingine kwa treni, na jamaa zake nao wakaanza kupiga simu.

Juzi alirudi kuchapa lebo nyingine. Alikuwa amekasirika kidogo, na hapa neno hilo nalitumia kihalali. Mteja wa Tabora alimpigia kumwambia amekuta kijiwe. Kimoja, kadiri ya punje ya mchele, huenda kiliingia kwenye kupepeta. Amemtumia pakiti nyingine bila malipo, na amenunua chekeche, kwa hiyo sasa dagaa wanapita mara mbili kabla ya kufungwa na jioni zake zimekuwa ndefu.

Nikamwambia kwa kazi yote hiyo tuongeze basi na mstari wa juu, kwa herufi nene: bora kabisa. Nilikuwa nimeshaanza kuuchapa.

"Hiyo itoe," akasema. "Mchanga nimeusema mwenyewe na nitapambana nao. Sasa mtu akinipigia kuniuliza hiyo bora kabisa ikoje, mimi nitamjibu nini?"